Nyumba za Ng'ambo ya Bomba: Barua ya Wazi kwa Wenye Maji na Wenye Barabara wa Songea

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji, Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Songea (SOUWASA), Meneja wa TARURA, Mkoa wa Ruvuma, Meneja wa TANROADS, Mkoa wa Ruvuma, Mkurugenzi wa Manispaa ya Songea.

Nakala: Baraza la watumiaji wa huduma za nishati na maji, EWURA CCC; wenyeviti wa mitaa wa Manispaa ya Songea.

YAH: KUVUSHA MABOMBA YA MAJUMBANI CHINI YA BARABARA

Kila mtaa wa Songea uliofikiwa na maji ya bomba una pande mbili: upande wa bomba na upande wa ng'ambo. Bomba la kugawia maji kwa kawaida hulazwa ukingo mmoja tu wa barabara, kwa sababu kulaza pande zote mbili ni kuchimba mara mbili na kununua mabomba mara mbili, na hakuna mamlaka ya maji nchini yenye fedha za kuchezea hivyo. Mwenye nyumba ya upande wa bomba akiomba maji, mtaro wake ni wa mita chache. Vijana wawili wenye sululu na chepe wanaumaliza kabla ya jua la utosi. Jirani yake wa ng'ambo, wanayeonana mlango kwa mlango kila asubuhi, ana barabara katikati. Barabara hiyo si mali yake. Wala si mali ya mamlaka ya maji.

Barua hii inahusu hizo mita sita au saba za katikati.

Kwa mtu aliyeko Dodoma huenda likaonekana jambo dogo: bomba lenye unene wa kidole gumba, linalopita chini ya barabara ya mtaa, likaingia uani kwa mtu. Lakini linajirudia kila mahali mji unapoota nyumba. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Manispaa ya Songea na watu takribani 203,000. Ya mwaka 2022 iliwakuta zaidi ya 280,000. Hao walioongezeka hawakujibana Mfaranyaki na Majengo. Wamejenga Mshangano, Ruhuwiko, Msamala, Mletele na kwingineko, kwenye viwanja ambavyo barabara yake leo ni ya udongo mwekundu na kesho itakuwa ya lami.

Na hiyo kesho iko karibu kuliko ilivyozoeleka. Songea imo katika mradi wa maji wa Miji 28, unaojengwa kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India, ambao mikataba ya wakandarasi wake ilisainiwa mwezi Juni 2022. Songea imo pia katika TACTIC, mradi wa kuboresha miji 45 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambao sehemu kubwa ya kazi yake ni barabara za lami, mitaro na taa. Kwa hiyo maji mapya na lami mpya vinaelekea mji uleule, kwa mikopo miwili tofauti na wakandarasi tofauti. Swali la barua hii ni moja: nani ataacha njia ya bomba chini ya lami kabla lami haijamwagwa?

Kwanza, mwenye barabara. Mkazi wa kawaida hamjui, na si kosa lake. Barabara kuu inayoingia mjini kutoka Makambako na Njombe, ikaendelea Namtumbo na Tunduru hadi Masasi, iko chini ya TANROADS, wakala ulioanza kazi mwaka 2000 na ulio chini ya wizara inayoshughulikia ujenzi. Ndivyo ilivyo pia ile ya kwenda Mbinga na Mbamba Bay. Barabara za ndani ya mitaa ziko chini ya TARURA, wakala uliozinduliwa Julai 2017 chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa halmashauri, na si ajabu mzee wa Bombambili akaanza safari yake ya kibali kwenye ofisi za manispaa, kama alivyozoea. SOUWASA nayo inawajibika kwa Wizara ya Maji. TANROADS ina mtandao wa takribani kilomita 36,000 nchi nzima, TARURA zaidi ya kilomita 140,000. Katikati ya tarakimu hizo yuko mama mmoja mwenye ndoo, anayetaka kujua apeleke barua wapi.

Kenya hali haitofautiani sana. Sheria yao ya barabara ya mwaka 2007 iligawa barabara kwa wakala watatu, KeNHA, KURA na KeRRA, na anayetaka kuvusha kitu chini ya lami ya Nairobi sharti ajue kwanza yuko kwenye himaya ya nani.

Sheria yetu ya Barabara ni ya mwaka huohuo, 2007. Ndiyo iliyopanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Ndani ya hifadhi hakuna anayeruhusiwa kuchimba wala kulaza kitu bila ridhaa ya maandishi ya mamlaka ya barabara, na siku barabara inapopanuliwa, mwenye miundombinu ndiye anayeihamisha kwa gharama zake. Wakazi wa Kimara hadi Kibaha walifundishwa maana ya neno hifadhi mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, ambako hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kutoka katikati. Songea haijafika huko. Lakini bomba lililovushwa kienyeji leo halina utetezi wowote greda likija.

Sasa, fundi. Kabla ya kumlaumu ni vizuri kutazama kazi yake kwa karibu, kwa sababu yeye ndiye anayeamua bomba lipite wapi, na huamua kwa kutazama mfuko wa mteja.

Barabara ikiwa ya udongo, anachimba tu. Asubuhi moja inatosha. Mtaro una upana wa jembe na kina cha goti, pengine pungufu, kwa sababu chini kidogo ya udongo mwekundu kuna kifusi kigumu kilichoshindiliwa na greda la zamani, na malipo ni ya kazi nzima, hayahesabu sentimita. Bomba la plastiki linalazwa, udongo unarudishwa kwa chepe, vijana wanaukanyagakanyaga kwa miguu, bodaboda zinamalizia. Mvua za Songea huanza kwa kawaida mwishoni mwa mwaka na kwenda mpaka Aprili. Zikishapiga wiki mbili tatu, ule mtaro unatitia, unakuwa mfereji uliokatisha barabara, na magari yote yanapunguza mwendo hapo kama kuna tuta lililopinduliwa. Bomba liko sentimita 20 chini ya matairi. Kila lori la mchanga linalopita linalifinya.

Barabara ikiwa ya lami, fundi ana njia tatu. Ya kwanza ni kukata lami, na hiyo inahitaji kibali, muda na fedha ya kurudishia. Hapo ndipo penye usiku: kuna watu nchini hukata lami saa nane za usiku, wakarudishia kwa zege jepesi kabla ya alfajiri, na asubuhi kiraka kimeshakuwapo bila mwenyewe. Ya pili ni kalavati. Kila barabara yenye mitaro ina makalavati ya kuvusha maji ya mvua, na kalavati ni tundu lililo tayari, la bure, lisilo na mlinzi. Bomba la kwanza likipita humo, la pili linafuata, mpaka unakuta mabomba yamerundikana kama tambi kwenye sufuria. Mifuko ya plastiki na majani vinanasa juu ya tambi hizo, kalavati linaziba, maji ya mvua yanakosa njia, yanapanda juu ya lami. Mhandisi wa barabara anafika kuzibua, anakata kila kinachomzuia. Mtaa mzima wa ng'ambo unakosa maji siku hiyo, na hakuna wa kulalamikiwa, kwa sababu hakuna bomba hata moja lililokuwa na ruhusa ya kuwa humo.

Kuna ubaya mwingine wa kalavati usioonekana kwa macho. Bomba likiwa na maji muda wote, msukumo wa ndani huyazuia maji machafu yasiingie hata kama pana ufa. Maji yakikatwa kwa mgao au kwa matengenezo, msukumo unapungua, wakati mwingine bomba linavuta badala ya kusukuma, na kinachovutwa ni kilichopo nje: maji ya mtaro. Yakirudi, glasi ya kwanza inakwenda kwa yule aliyefungua koki mapema.

Njia ya tatu ndiyo ya kiufundi zaidi, na mafundi wa mikoani wanaifanya kwa mikono kwa ustadi wa kuheshimiwa. Wanachimba shimo kila upande wa barabara, nje ya mtaro, la kutosha mtu kuchuchumaa. Wanachukua bomba la chuma, wanaliziba mdomo kwa kipande cha chuma kilichochongwa, kisha wanaligonga kwa nyundo kubwa likipenya chini ya barabara, mtu mmoja akilala kifudifudi kuangalia kama linakwenda sawa. Wengine hutumia maji: mpira unaunganishwa nyuma ya bomba lililo wazi, maji yanatoka mbele kwa kasi na kuutafuna udongo huku bomba likisukumwa na kuzungushwa. Kwenye udongo laini usio na mawe, kazi inakwisha siku hiyohiyo na lami haijaguswa. Hatari yake ni kwamba maji hayajui kipimo. Yakichota udongo zaidi ya unene wa bomba, yanaacha pango chini ya lami, na pango hilo hujitangaza baadaye kwa tairi la mtu.

Wenzetu walishaigeuza kazi hiyo kuwa taaluma. Mwaka 1971, Mmarekani Martin Cherrington alivusha bomba chini ya mto Pajaro, jimbo la California, kwa kuchimba kwa mtambo wa kutoboa unaoweza kuelekezwa, bila kufungua mtaro juu. Mitambo ya siku hizi ya kuvusha nyaya za mkongo wa mawasiliano chini ya lami za miji yetu ni vizazi vya wazo hilo. Ni mizuri. Ila kuuleta mtambo wa namna hiyo Songea kwa ajili ya bomba la nyumba moja ni sawa na kulikataa ombi lenyewe kwa adabu.

Waheshimiwa, tatizo la lami iliyokatwa halihitaji kuelezwa sana kwa wahandisi, lakini wananchi huwa hawaambiwi, na wasipoambiwa huona kibali ni usumbufu wa makusudi. Lami ni ngozi tu. Nguvu ya barabara iko kwenye tabaka za chini, zilizomwagwa kidogo kidogo na kushindiliwa kila moja kwa mashine, ikiwa na unyevu wa kipimo. Anayekata lami anazikata tabaka zote hizo, na hawezi kuzirudisha kwa chepe. Kwa mujibu wa sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, ekseli moja ya kawaida yenye matairi manne inaruhusiwa kubeba mpaka tani 10, na gari zima mpaka tani 56. Songea si mji wa baiskeli. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka wilayani Mbinga yanapita mjini humo kwenda bandari ya Mtwara. Kiraka kilichoshindiliwa kwa miguu kinakutana na ekseli za namna hiyo mchana na usiku, na kingo zake ndiyo mlango wa maji ya mvua kuingia kwenye tabaka za pembeni ambazo hazikuwa na kosa.

Na bomba lenyewe likipasuka humo chini? Hapa ndipo wenye maji wanapopaswa kuwa na uchungu kuliko wenye barabara. Tundu la milimita 3, kwenye bomba lenye shinikizo la bar 4, ambalo ni sawa na tangi lililo mita 40 juu yako, hutoa takribani lita 450 kwa saa. Kwa siku moja ni zaidi ya lita 10,000, yaani ndoo zaidi ya 500 za lita 20. Songea ni mji wa vilima na mabonde, wenye maji yanayoshuka kwa mserereko kutoka upande wa Matogoro, na nyumba za bondeni hupata msukumo mkubwa zaidi. Tundu la mtaroni utaliona kwa utelezi na majani mabichi kiangazi. La chini ya lami halionekani. Maji hutafuta njia kati ya tabaka, yakatokeza mbali, au yasitokeze kabisa mpaka barabara izame. EWURA huhesabu asilimia 20 kuwa kikomo kinachokubalika cha maji yanayopotea kabla ya kulipiwa. Kila bomba lililovushwa kienyeji ni mchango kwenye asilimia hizo.

Kuna jambo dogo ambalo wateja wengi hulitambua wakiwa wamechelewa: mahali inapofungwa mita. Ikifungwa upande wa bomba kuu, uvujaji wowote chini ya barabara unasomeka kwenye mita hiyo na unalipwa na mwenye nyumba, ingawa hawezi kuuona wala kuuchimba. Ikifungwa ukutani kwake, hasara yote ya chini ya barabara ni ya mamlaka, na mwenye nyumba hana haraka ya kuripoti. Kwa maoni ya mwandishi wa barua hii, mita ikae kwa mwenye nyumba. Anayemiliki ramani, mafundi na haki ya kuomba kibali ndiye abebe hatari ya chini ya barabara. Mkulima wa mahindi wa Lilambo hawezi kubebeshwa bili ya maji yaliyozama chini ya lami ya serikali.

Dawa yake ni ya zamani na rahisi kuliko ugonjwa. Kabla lami haijamwagwa, wakati mtaro wa barabara uko wazi na mashine ziko palepale, linalazwa bomba tupu la kinga chini ya barabara, kutoka nje ya mtaro mmoja hadi nje ya mtaro wa pili. Bomba la plastiki gumu la milimita 110, ambalo mafundi huliita la inchi nne, linatosha. Lilale walau sentimita 90 chini ya uso wa barabara, lishindiliwe pamoja na tabaka nyingine, lizibwe midomo yote miwili, na ndani iachwe kamba ya nailoni ya kuvutia bomba la baadaye. Juu yake, kwenye jiwe la ukingo, ipigwe alama ya rangi ya bluu. Basi. Siku nyumba ya ng'ambo ikihitaji maji, fundi anafukua midomo, anafunga bomba la maji kwenye kamba, mwenzake anavuta. Likipasuka miaka kumi baadaye linavutwa nje na kuingizwa jipya, na anayepita na bajaji juu hajui kama kuna kazi imefanyika.

Tuhesabu kidogo. Barabara ya mtaa pamoja na mitaro yake miwili ina upana wa mita kama 12. Mabomba ya plastiki huuzwa kwa urefu wa mita 6, kwa hiyo kivuko kimoja ni mabomba mawili. Vivuko vikiwekwa kila baada ya mita 100, kilomita nzima ya lami inahitaji mabomba ishirini, au thelathini pale mitaro ilipo mipana. Mabomba thelathini ya inchi nne, kwenye mkataba wa barabara wenye mamilioni kwa mamilioni kwa kila kilomita, ni kiasi ambacho mhasibu anaweza kukiruka bila kukiona.

Mtu atauliza: mita 100 zina viwanja vingi, kivuko kimoja kitatosha vipi? Kinatosha kama mamlaka ya maji haitavusha bomba la nyumba moja moja. Ndani ya kinga ya milimita 110 linapita bomba moja la milimita 63, likifika ng'ambo linatandazwa sambamba na barabara kushoto na kulia, na kila nyumba inaunganishwa kwa mtaro mfupi wa mbele ya uzio wake. Nyumba kumi kwa kivuko kimoja. Sasa hivi hesabu inakwenda kinyume: kila mteja anakadiriwa vifaa vyake peke yake, analipa peke yake kwa kontroli namba yake, anavuka peke yake, hata kama majirani zake tisa wako nyuma yake kwenye foleni. Tajiri anavuka wa kwanza. Wengine wananunua kwake kwa ndoo.

Gharama ya bomba la ng'ambo isingojee wateja wajichange wenyewe. Mamlaka ikiliweka, itairudisha kidogo kidogo kwenye ada ya kuunganisha, na wateja kumi wapya wa kudumu hupatikana palipokuwa na mmoja.

Lipo pingamizi lingine, la haki zaidi: kwamba barabara nyingi zilishawekwa lami na kinga hazikuwekwa. Kwa hizo, kibali cha kukata hakiepukiki, na hapo ombi ni la utaratibu. Mkazi asiende ofisi ya barabara kabisa. Aombe maji SOUWASA, kwa fomu yake na barua ya mwenyekiti wa mtaa. SOUWASA iombe kibali TARURA au TANROADS kwa niaba yake, kwa makubaliano ya mwaka mzima badala ya barua mpya kila mara. Gharama ya kurudishia lami iingie kwenye makadirio yaleyale na ilipwe kwa kontroli namba ileile. Kiwango cha kurudishia kwa kila mita ya mraba kibandikwe ukutani, kila mtu akisome. Siku za kungojea nazo zibandikwe. Penye bei na siku zinazojulikana, yule wa saa nane za usiku anapoteza wateja.

Nao warudishiaji wawajibike. Uingereza, kwa mfumo uliotokana na sheria ya mwaka 1991 ya kazi za barabarani, kampuni ya maji au gesi inayokata barabara inadhamini ilichorudishia kwa miaka miwili, na miaka mitatu kama shimo lilikuwa na kina cha zaidi ya mita moja na nusu. Kikititia ndani ya muda huo, inarudi kwa gharama zake. Hakuna kinachozuia makubaliano ya aina hiyo kati ya ofisi mbili za Songea ambazo wakuu wake wanaonana kwenye kikao kimoja cha mkoa. Hayahitaji sheria mpya, wala msaada wa mfadhili.

Kwa makalavati, busara itangulie panga. Yakaguliwe kabla ya mvua, mabomba yaliyomo yahesabiwe na kila moja lijulikane linakwenda kwa nani, kisha wenyewe wapewe muda wa kuhamia kwenye kivuko halali kimoja cha pamoja. Kukata bila kuhesabu kunaondoa tambi kwa wiki moja tu. Wenye nyumba watarudi, safari hii usiku. Na wenyeviti wa mitaa washirikishwe, kwa sababu wao hujua bomba lipi ni la nani hata pale ambapo ramani haipo.

Kwa hiyo maombi ni haya. TARURA na TANROADS, mkataba wowote wa lami ndani ya Manispaa ya Songea ambao mkandarasi wake bado hajafika kwenye tabaka ya mwisho, uongezwe vivuko vya kinga sasa, wakati mtaro uko wazi. SOUWASA, toeni orodha ya mitaa ambayo bomba liko upande mmoja, mkiipanga kwa idadi ya nyumba za ng'ambo zinazongoja, na muipeleke kwa wenye barabara kabla hawajaanza mitaa mipya. Manispaa, michoro ya viwanja vipya ioneshe vivuko vya maji kama inavyoonesha barabara, ili anayenunua kiwanja ajue yuko upande gani wa bomba. Na majibu ya barua hii, yawe ya kukubali au ya kukataa, yabandikwe kwenye ofisi za mitaa kabla ya mvua za Novemba, wakati mafundi bado wanaweza kuchimba.